Shamba la Shule Liwe na Daftari Lake

Kila mwaka, kusi inapovuma na umande wa alfajiri kukaa juu ya majani, mikorosho ya Mtwara huingia katika miezi yake ya hatari. Vichipukizi vipya hutoka, maua hufuata, na pamoja na maua huja ukungu mweupe mithili ya unga, ambao wakulima wa Kusini wanaujua kwa jina la ubwiriunga. Mkulima asiyeutambua ugonjwa huo mapema huweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno ya mwaka mzima. Na ni katika kipindi hicho hicho, mwezi wa Juni, ambapo shule zetu za sekondari hufunga milango na wanafunzi kwenda likizo.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, suala la kalenda tu. Lakini ndani yake mna habari nzima ya mashamba ya shule katika nchi yetu. Tuitazame kata ya Chuno, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Kutoka hapo hadi kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele ni safari fupi kwa njia ya kwenda Newala. Kituo hicho kinajulikana mbali na mipaka ya Tanzania kwa kazi yake juu ya korosho. Hata hivyo, kijana wa Chuno ambaye sare, viatu na madaftari yake vimenunuliwa kwa fedha ya korosho anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuonyeshwa hata mara moja jinsi ubwiriunga unavyoanza kwenye kichipukizi. Jembe amelishika, tena mara nyingi. Alichokosa ni somo.

Kwa hiyo swali lililo mbele yetu ni hili: shamba la shule linamfundisha nini mwanafunzi, na tutajuaje kwamba limemfundisha?

Turejee kwenye asili. Hapo Machi 1967, majuma machache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo umetajwa mara nyingi kuliko ulivyosomwa. Wengi wanakumbuka kwamba ulitaka kila shule iwe pia shamba. Wachache wanakumbuka masharti yaliyoambatana na agizo hilo. Mwalimu alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao na matumizi ya kile wanachokizalisha. Alitaka sifa za mbolea zielezwe darasani, na mwanafunzi azione kwa macho yake mbolea hizo zikifanya kazi shambani. Alionya dhidi ya kuzipa shule mitambo mikubwa ambayo kijana hatakutana nayo tena atakaporudi kijijini kwao. Katika fikra za waraka ule, jembe na kalamu vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, kwa saa moja, juu ya tuta moja.

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililokaza uzi huo huo wa kuunganisha elimu na kazi. Shule za sekondari ziligawiwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku, pamoja na mwenendo wake katika kazi, yakaanza kuhesabiwa badala ya kutegemea mtihani wa mwisho peke yake. Aidha, shule zilitakiwa kuchangia sehemu ya gharama za kujiendesha.

Sharti hilo la mwisho liliwekwa kwa nia njema, maana taifa lilikuwa changa na mfuko wake ulikuwa mwembamba. Lakini ndilo lililogeuza mambo. Mkuu wa shule alipoulizwa habari za shamba, aliulizwa magunia. Aliyeleta magunia mengi alisifiwa, na hakuna aliyemwuliza wanafunzi wamejua nini. Taratibu shamba likahama kutoka kwenye ratiba ya masomo na kuingia katika hesabu za stoo. Vipindi vya EK vikawa saa za nguvukazi.

Sisi tuliopitia chuo cha Kurani kabla ya kuingia shule ya serikali tunaifahamu kazi ya namna hiyo tangu utoto. Watoto wa chuoni walimlimia maalimu, walimchotea maji na kumkatia kuni. Hakuna aliyeiita kazi hiyo somo. Ilikuwa ni heshima, na ilikuwa ni ujira wa mwalimu asiyekuwa na mshahara. Mzazi alilijua hilo tangu siku ya kumpeleka mwanawe. Mapatano yalikuwa wazi. Katika shule niliyoingia baadaye mapatano hayakuwa wazi. Aliyechelewa mstarini asubuhi alipimiwa hatua za kulima. Aliyeshindwa hesabu alipelekwa kwenye magugu. Mahindi yalivunwa, yakapimwa, yakaondoka, wala hapakuwa na mwanafunzi aliyeonyeshwa yamekwenda wapi. Na mchana huo huo tulikaa darasani tukafundishwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mtoto ni mwepesi wa kujumlisha: kama jembe ni adhabu, basi mkulima ni mtu anayetumikia kifungo. Vijana wengi walifanya jumla hiyo, na jibu lao tunaliona leo katika vijiji ambamo wazee wamebaki peke yao chini ya mikorosho.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuongeza ekari na kuleta matrekta. Wakazi wa Mtwara ndio watu wa mwisho wanaopaswa kudanganywa na hoja hiyo, kwa sababu wanaishi juu ya ushahidi wake. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha katika Tanganyika mpango mkubwa wa karanga, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni 3. Gati ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Matrekta yalivunjikia kwenye visiki, udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua haikutii mipango iliyoandikwa London, na kufikia 1951 mpango uliachwa baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Reli yenyewe ikang'olewa katika miaka ya 1960. Mashine zilikuwapo, na fedha zilikuwapo. Kilichokosekana ni subira ya kuanza na shamba dogo, kupima mvua, kuutazama udongo na kuandika. Gati imebaki, nayo leo inapakia korosho. Kila meli inayoondoka pale yapaswa kutukumbusha kwamba shamba kubwa lisilochunguzwa ni hasara kubwa.

Korosho nazo zina somo lake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikusanywa tani 16,500 hivi. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na yafaa zisemwe zote. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Kuhamia katika vijiji vya ujamaa kuliwaweka wakulima wengi mbali na miti yao, na mikorosho iliyoachwa ikamezwa na vichaka. Kisha ukaja ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaunguza maua juu ya miti ile iliyokuwa tayari imechoka.

Ukombozi haukuletwa na hotuba. Watafiti wa Naliendele, kituo kilichoanzishwa mwaka 1970, waliifuata mikorosho mti kwa mti. Walionyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati hukinga maua. Walihimiza kupogolea matawi ili hewa na jua vipite. Walichagua miti mama yenye kuzaa vizuri na kustahimili magonjwa, wakabebesha miche kutokana nayo. Msimu wa 2017/18 mavuno ya nchi yalipita tani 300,000. Nyuma ya tani hizo mna maelfu ya kurasa za madaftari, ambamo mtu alisimama chini ya mti, akahesabu maua mabovu na mazima, akaandika tarehe.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Elimu ile ilianzia kwenye kuhesabu na kuandika, mambo mawili ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayaweza. Lakini ilipomfikia mkulima, mara nyingi ilimfikia katika umbo la mfuko wa salfa. Mfuko haujielezi. Salfa hukinga na haiponyi. Anayeipuliza baada ya maua kuungua amepuliza fedha zake hewani. Anayeipuliza adhuhuri, upepo ukiwa mkali, amemkingia jirani. Kila nyumba ya mkulima ingehitaji mtu mmoja wa kuyaeleza haya, na mtu huyo yumo tayari katika nyumba nyingi: ni kijana aliyevaa sare ya sekondari.

Tunapendekeza basi kila shamba la shule liwe na daftari lake, nalo liheshimiwe kama linavyoheshimiwa daftari la mahudhurio. Ndani yake iandikwe siku mvua ya kwanza iliponyesha na kipimo chake. Liandikwe jina la mbegu na mahali ilikotoka. Kila juma, tangu vichipukizi vinapoanza kutoka, wanafunzi wachague matawi kumi ya mti mmoja na kuandika mangapi yana ubwiriunga. Iandikwe tarehe ya kupuliza salfa, saa yake na hali ya upepo. Kazi ya kupuliza ifanywe na mtu mzima aliyefunzwa na mwenye kinga usoni, kwa maana mwanafunzi hakuja shuleni kuvuta salfa. Mistari miwili ya miti iwekwe kando kwa kulinganisha: mmoja upogolewe, wa pili uachwe. Wakati wa mavuno kila mstari upimwe peke yake kwenye mizani. Mwishoni iandikwe fedha iliyopatikana na kila senti ilikokwenda, na ukurasa huo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo mwanafunzi, mzazi na mlinzi wa shule wanaweza kuusoma.

Shamba la namna hiyo halihitaji ekari hamsini. Mikorosho hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, na hekta moja huchukua miche 69 hivi. Mwanafunzi akiulizwa miche mingapi itaingia na akaipata hesabu hiyo mwenyewe kwa kamba na mambo, huyo amejifunza hisabati ambayo hataisahau. Ubwiriunga ni kuvu, kwa hiyo ni biolojia. Mvua ya Mtwara huja katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo ni jiografia. Fedha za mavuno ni utunzaji wa hesabu, na taarifa ya mwisho wa mwaka ni insha ya Kiswahili yenye kitu cha kusema.

Iko bahati nyingine ambayo hatujaitumia. Mche wa korosho uliobebeshwa na kutunzwa vizuri huanza kuzaa katika mwaka wake wa tatu. Kijana anayeingia kidato cha kwanza Januari, mvua ikiwa ardhini, anaweza kuupanda mche kwa mkono wake na kushika korosho zake kabla ya kumaliza kidato cha nne. Ni nadra maumbile kulingana hivi na ratiba ya Wizara. Na pale yasipolingana, kama ilivyo katika likizo ya Juni, daftari ndilo linaloziba pengo. Wanafunzi wanaoishi karibu wapangiwe zamu. Anayemaliza zamu anakabidhi ukurasa, na anayepokea anajua pa kuanzia. Anayehitimu anaacha nyuma yake miti na historia ya miti hiyo.

Wasomaji wetu wa visiwani watasema kwamba wao hawana hekta za kugawa wala mikorosho ya kuhesabu. Hoja hiyo isikilizwe, lakini visiwa vina masomo yake, na mengine ni ya zamani. Katika miaka ya 1950 uchunguzi uliofanywa Unguja ulionyesha kwamba chungu wekundu tunaowaita majimoto huilinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa na kuziangusha. Chungu hao hao, wanaomwuma kila mtoto apandaye mti, husaidia pia kuilinda mikorosho dhidi ya wadudu wafyonzao. Shule yoyote yenye minazi kumi inaweza kuweka daftari la majimoto: mnazi upi una viota, upi hauna, na nazi ngapi changa zimeanguka chini ya kila mmoja. Somo hilo halina gharama isipokuwa macho na penseli.

Iko pia bahari. Kilimo cha mwani kilianza mashariki ya Unguja katika miaka ya mwisho ya 1980, na leo kinafanywa pia katika baadhi ya fukwe za Mtwara, kwa mikono ya akina mama zaidi kuliko ya wanaume. Mwani huvunwa baada ya majuma sita hivi, kwa hiyo muhula mmoja wa shule unatosha kwa mavuno mawili. Aina yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikifa maji yanapopata joto. Wanafunzi wanaokwenda ufukweni wakati wa bamvua wakiwa na kipimajoto, mizani na daftari wanaweza kumwambia mama mkulima jambo ambalo amekuwa akilihisi kwa miaka bila kuwa na tarakimu zake. Na huku kwetu, vijiji vilivyomo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, vina mikoko inayongoja watoto wa kuihesabu.

Hatuna budi sasa kumsikiliza mzazi. Yeye husema: nimemsomesha mwanangu ili aepukane na jembe. Kauli hii isidharauliwe, wala asiitwe mvivu aliyeitoa, maana aliyeitoa amelima maisha yake yote. Anachokikimbia ni jembe lisilo na maarifa na lisilo na bei. Lakini tumwulize naye swali moja. Tangu 2007 korosho za Mtwara huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mazao yake chamani, hupewa stakabadhi, mnada hufanyika, kisha malipo huja yakiwa yamekwisha kukatwa makato. Ni nani nyumbani mwake anayeweza kuisoma stakabadhi hiyo, kuyajumlisha makato mstari kwa mstari, na kusimama katika mkutano wa chama cha msingi akauliza kwa adabu kwamba hizi shilingi ni za nini? Kijana aliyezoea kutunza hesabu za shamba la shule anaweza. Huyo hata kama atakuwa karani, mwalimu au askari, mzazi wake hatapunjwa kirahisi.

Kwa viongozi na maofisa wa Serikali tuna neno mahsusi, kwa kuwa wakati wenyewe ni huu. Utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ilizinduliwa rasmi mapema 2025. Sera hiyo imeweka mkondo wa amali katika sekondari, na kilimo kimo. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Uzoefu wetu tangu 1967 umetufunza pia upande wa pili wa methali hiyo: amali isiyo na elimu ni kibarua, tena kibarua kisicho na ujira. Mkondo wa amali ukiachwa uongozwe na hesabu ya magunia, utafika pale pale ulipofika mchepuo wa kilimo.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache yanayowezekana. Halmashauri zitoe agizo la maandishi kwamba kazi ya shamba isitumiwe kuwa adhabu katika shule yoyote. Mwanafunzi mkosaji arekebishwe kwa njia nyingine. Kila shule ya sekondari ya Mtwara ipangiwe siku maalumu katika mwaka ya kukutana na watafiti wa Naliendele, na Mabwana na Mabibi Shamba wa kata wahesabiwe kuwa walimu wa shamba la shule kwa saa zinazojulikana. Kazi zigawanywe kwa haki kati ya wavulana na wasichana, ili pasiwe na mmoja wa kupima na mwingine wa kuchota maji tu. Sehemu ya mapato irudi kwa wanafunzi kwa namna wanayoiona, iwe chakula cha mchana, vitabu au vifaa vya maabara, kwa uamuzi ambao wao wenyewe wameketi kuufanya. Visiwani, ambako elimu ina wizara yake, tunaomba mashauri haya yapokewe kwa kadiri ya ardhi na bahari ya huko.

Mwisho, tunasema na wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi. Mnapofika shuleni na kuonyeshwa shamba, msianze na stoo. Ombeni daftari. Kisha mwiteni mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili, asiyeandaliwa, mmwulize kwa nini mstari wa kulia umezaa kuliko wa kushoto. Akiweza kueleza, shule hiyo ina shamba, hata kama limevuna gunia moja.